Kozi ya Sindano

Aibu zangu ni nyingi, na nyingine sitawaambia hata mkinipa ng'ombe, lakini hii ya kozi nitaisema mwenyewe, maana nimeshasikia inasimuliwa Majengo na watu ambao hata hawakuwapo, tena wameitia chumvi mpaka mimi ndani yake nimevaa kaptula iliyochanika (sikuvaa kaptula, nilivaa suruali ndefu nyeupe iliyopigwa pasi, na hilo naomba lijulikane). Basi bora mnisikie mimi mwenye mkasa wangu, mcheke vizuri, halafu yaishe.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka ile penisilini ilipoanza kufika Dodoma kwa wingi. Mimi nilikuwa dresa. Ninyi vijana hamjui dresa ni nani: ni yule aliyefunga vidonda, akapiga sindano, akagawa vidonge, na daktari akiwa mbali akavimba kichwa kama yeye ndiye daktari. Hospitalini kwetu palikuwa na darasa la kuwafundisha madresa wapya (wazee wa msikiti wa Majengo waliposikia "madresa" walifurahi, wakadhani serikali imeanza kusomesha Kurani). Mwalimu wao, Mzungu mzee aliyejua Kiswahili, akaenda likizo kwao Ulaya, tukaletewa daktari kijana, mrefu, mpole, ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa neno moja: tafadhali. Akitaka maji, tafadhali. Akikukanyaga, tafadhali. Mgonjwa akimlilia kwamba anaumwa tumbo, naye anamwitikia kwa huruma kabisa, "Tafadhali, tafadhali." Ndiyo maana hata jina lake hatukulishika, tulimwita Bwana Tafadhali.

Sasa mtu wa namna hiyo anafundishaje? Anahitaji mkalimani. Wakauliza nani anajua Kiingereza, mkono wangu ukapanda juu kabla mimi mwenyewe sijaamua. Kiingereza nilikuwa nacho, cha misheni, kile cha kuombea maji. Lakini nilikuwa na sababu. Walisema mkalimani akifanya vizuri mpaka wanafunzi wafanye mtihani wao baada ya mavuno, atafanywa mkufunzi msaidizi, abaki mjini. Asipofanya vizuri atarudi alikotoka, na mimi nilikuwa nimetoka kwenye zahanati za porini, mahali ambapo ukipiga chafya jirani wa karibu hasikii. Na mke wangu, Merina, alikuwa ameshapata wateja wa cherehani pale Majengo, akaniambia wazi, "Baba Dorkasi, mimi porini sirudi. Wakikurudisha utakwenda na sanduku lako, mimi na cherehani yangu tutabaki hapa tukikuombea." Merina hatanii. Kwa hiyo mnielewe, sikuwa natafuta sifa tu, nilikuwa natafuta pa kulala na mke wangu.

Siku yenyewe darasa lilikuwa linapakwa chokaa, tukafanyia somo barazani kwa wodi ya wanaume. Wanafunzi kwenye mabenchi, na wagonjwa nyuma yao wamejifunga mablanketi, wengine wamechungulia madirishani, maana hospitalini hakuna burudani. Somo lilikuwa penisilini si peremende. Mnajua watu walivyopenda sindano siku zile! Mtu amechomwa na mwiba, anataka sindano. Ameota ndoto mbaya, sindano. Kidonge walikiona kama dharau. Na mwanafunzi mmoja, Danieli, tena ndiye kiongozi wa darasa, alikuwa amekamatwa juzi yake akimpiga shangazi yake nusu sindano kwa sababu ya mafua, kwa kuwa shangazi alikuja na kuku.

Bwana Tafadhali alikuwa amekasirika kwa upole wake ule. Akasema kwa Kiingereza, nami nikafuata kwa Kiswahili: penisilini haitibu mafua. Haitolewi nusu. Haitolewi kwa sababu ya kuku. Ukimpa mgonjwa dawa pungufu, wale wadudu wa ugonjwa walio dhaifu wanakufa, wenye nguvu wanabaki, na hao waliobaki... hapo akatupa neno kubwa, "rezistansi", ambalo sikuwahi kulisikia maishani. Lakini siku hiyo Mungu alikuwa upande wangu. Nikayatazama maneno yaliyotangulia, nikayapima, nikasema, "Wanakuwa sugu! Sugu kama kisigino cha mchunga ng'ombe, miiba inapita juu yake na yeye anapiga mluzi." Jamani, lile baraza lililipuka. Wanafunzi wanacheka, wagonjwa wanatazama visigino vyao, Bwana Tafadhali naye anatabasamu kwa kuona amefundisha vizuri. Nikavimba. Na mtu akishavimba ndugu zangu, masikio huziba.

Kwa sababu neno lililofuata lilikuwa dogo, rahisi, tena nililijua. Alisema kila mgonjwa aliyeanza penisilini lazima amalize "kosi". Nami kozi nilikuwa naijua moja tu, ile ya udresa, hii hii tuliyokuwa tumekalia. Kidogo nikasita. Wagonjwa wamalize kozi? Wasomee udresa? Nilikuwa na nafasi ya kumgeukia nikamuuliza, "Samahani bwana, kozi ipi?" Ingenichukua muda wa kumeza mate. Lakini nikafikiri, mtu aliyetoka kupigiwa makofi kwa neno gumu ataulizaje neno jepesi? Halafu nikajiambia, Wazungu nao wana mambo yao, jana walitaka tuhesabu mbuzi, leo wanataka wagonjwa wasome, kesho watataka punda wapige meno mswaki. Nikapaaza sauti, tena nikawageukia wagonjwa ili nieleweke.

"Bwana Mganga anasema hivi: kila aliyeanza sindano ya penisilini ni lazima asome mafunzo haya mpaka mwisho! Atakayeacha katikati kwa sababu anajisikia nafuu, ugonjwa utamrudia, na safari hiyo dawa haitamsikia!"

Hawakucheka tena. Kwenye kona alikuwapo mzee mmoja wa Kigogo, Mzee Ndahani, mfugaji na mkulima wa upande wa Bahi, aliyeletwa na kichomi karibu afe. Huyo akainua mkono. "Hata sisi wazee?" Nikamwuliza Bwana Tafadhali kwa Kiingereza, "Hata wazee?" Akajibu kwa mkazo, "Hasa wazee!" Basi nikatangaza hilo nalo.

Kesho yake tumerudi darasani, chokaa imekauka, naingia na chaki mkononi, nakuta mabenchi yote yamejaa. Mbele kabisa amekaa Mzee Ndahani na blanketi lake na fimbo yake. Nyuma yake wagonjwa wa wodi, mmoja na donda la mguu limefungwa kama mtoto mchanga. Pembeni Bwana Lalji, mwenye duka la vitambaa, ambaye hakulazwa hata, alikuwa anakuja asubuhi kuchomwa sindano ya jipu la shavu na kurudi dukani, sasa amekuja na kiti chake mwenyewe, shavu limevimba, amenuna. Wanafunzi halisi wamesimama ukutani.

"Mbukwenyi," akatusalimia Mzee Ndahani kwa Kigogo, kama mwenye nyumba.

Bwana Tafadhali akaingia, akashangaa, akaniambia niwaulize wamefuata nini. Nikauliza. Mzee Ndahani akajibu, "Tumekuja kwa ajili ya kozi. Na tutaimaliza, mwambie asiwe na wasiwasi." Nikatafsiri neno kwa neno, kwamba hawa watu wamekuja kwa ajili ya kozi na wameapa kuimaliza. Lo! Yule Mzungu nusura alie kwa furaha. Akashuka akampa mkono Mzee Ndahani, akampa mkono Bwana Lalji, akasema tangu afike Afrika hajaona wagonjwa wenye akili kama hawa. Na usiku huo huo (nilikuja kujua baadaye) akamwandikia daktari mkubwa Dar es Salaam kwamba Dodoma hakuna mgonjwa anayekimbia sindano, wote wanamaliza, njoo uone.

Basi ikawa ndiyo desturi. Asubuhi sindano, baada ya sindano darasa. Mzee Ndahani akawa anauliza maswali kuliko wanafunzi. Danieli akaja kunilalamikia, "Mwalimu, na hawa nao watapewa vyeti? Maana yule mzee ananisahihisha." Nikamwambia afunge mdomo, mambo ya serikali hayaulizwi. Na Merina nyumbani ameshaanza kunipikia nyama, ananiita Mkufunzi.

Nilikuja kujua ukweli tukiwa tunapita vitandani. Bwana Tafadhali alimsikiliza Mzee Ndahani kifua, akafurahi, akaniambia kwa Kiingereza, "Kozi yake inaisha Ijumaa, halafu aende nyumbani." Nikasema ndiyo bwana. Nikapiga hatua. Nikasimama. Ijumaa? Kozi inaisha Ijumaa vipi, na mtihani ni baada ya mavuno? Halafu ikanijia, polepole, kuanzia miguuni: kozi ni zile sindano! Kozi ni dawa yenyewe, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho!

Hapo ningesema. Najua mnataka kuniambia ningesema, hata Merina aliniambia ningesema. Lakini nikatazama ule ukufunzi, nikaona nyama jikoni, nikasema ah, wakishapona wataondoka wenyewe, nani anapenda kukaa hospitali?

Ijumaa ikafika, Mzee Ndahani akachomwa sindano ya mwisho. Jumamosi akapanga foleni tena.

"Mzee wangu, shikamoo," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Zako zimekwisha. Nenda nyumbani ukapumzike."

"Marahaba, mwanangu. Zimekwisha vipi na kozi bado? Mtihani si baada ya mavuno? Au mnataka kunipa pungufu wadudu wangu wawe sugu?"

Jamani, hayo yalikuwa maneno yangu mwenyewe. Bwana Tafadhali akauliza mzee anasema nini. Nikasema anasema anaipenda sana hospitali. "Tafadhali," akajibu Bwana Tafadhali akimpigapiga begani.

Kwa hiyo hakuondoka. Wala yule wa donda hakuondoka, donda limefunga, ngozi mpya inang'aa. Wote wazima, wanakula ugali wa serikali, wanadai sindano wasizozihitaji, tena kwa hoja. Na wagonjwa wa kweli wanaendelea kuletwa. Siku moja akaletwa mama mmoja kwa baiskeli anahema, na wodi ya wanawake nayo, ambako tangazo langu lilikuwa limeshafika, ilikuwa imejaa wanafunzi wangu wazima, tukamlaza chini kwenye mkeka. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini nilipomwona pale chini, na kitanda juu yake kimekaliwa na mtu anayesuka ukili, niliona aibu ya kweli, ile isiyochekesha, nikaapa kwamba Jumatatu nitasema.

Jumatatu daktari mkubwa akashuka kwenye treni.

Nilijipa moyo kwamba naye atahitaji mkalimani, na mkalimani ni mimi, basi nitajua pa kupitisha maneno. Akaingia wodini, mnene, kofia mkononi, ndevu nyeupe, akaenda moja kwa moja mpaka kitanda cha Mzee Ndahani, akasema, "Shikamoo, mzee wangu. Wajionaje leo?" Kiswahili cha Unguja, kimenyooka, hakina hata vumbi. Nikarudi kinyumenyume mpaka nyuma ya kabati la dawa.

"Marahaba, bwana," akasema Mzee Ndahani.

"Ulikuja na maradhi gani?"

"Kichomi. Kimekwisha zamani."

"Sasa mbona hujenda kwako?"

"Nitaendaje na mtihani bado?"

"Mtihani wa nini?"

"Wa udresa. Kuandika sijui, nimewaambia mapema wasije wakanilaumu. Lakini mambo ya wadudu niulize lolote."

Daktari mkubwa akaweka kofia kitandani. Akauliza taratibu ni nani aliyeamuru mgonjwa wa kichomi asomee udresa. Mzee Ndahani akamwonyesha Bwana Tafadhali kwa fimbo, "Huyu alisema," halafu fimbo ikasogea, jamani ile fimbo ilisogea polepole, ikanifikia mimi nyuma ya kabati la dawa, "na huyu ndiye aliyekuwa mdomo wake." Wodi nzima ikageuka. Hata yule wa donda aliacha kujikuna.

Bwana Tafadhali, ambaye hakuelewa chochote, akanigeukia kwa tabasamu, akaniuliza mzee anasema nini.

Daktari mkubwa akaniambia kwa Kiswahili, "Mfasirie. Neno kwa neno. Nasikiliza lugha zote mbili."

Sijawahi kutafsiri vizuri kama siku ile. Nikaanza kwa kukiri, kwa lugha zote mbili, kwamba neno "kozi" sikulielewa na niliona haya kuuliza. Mzee Ndahani alikuwa ameshaelewa kwamba kuna jambo, naye akishaudhika hasimamishiki. Akasema, nami nikatafsiri, kwamba ndege wanamaliza mtama wake shambani na hakuna wa kuwafukuza, kwa sababu yeye ameketi hapa anasomeshwa wadudu. Akasema, nikatafsiri, kwamba kama mtu hajui neno angeuliza, hata mtoto anayetambaa akiona kitu asichokijua anauliza mama yake. Bwana Tafadhali akaniuliza, "Anamsema nani?" Nikasema, "Mimi, bwana." Akasema, nikatafsiri, kwamba kichwa kilichonyolewa vizuri si lazima kiwe na kitu ndani. "Na hilo?" "Hilo pia ni mimi, bwana." Dirishani wanafunzi wangu wamejaa, Danieli ameuma kofia yake asicheke. Bwana Lalji alisimama na kiti chake, akaniambia, "Yaani duka langu linafungwa kila asubuhi kwa sababu wewe unaona haya kuuliza?" Daktari mkubwa akanikumbusha nitafsiri na hilo.

Nilipomaliza, Bwana Tafadhali alinigeukia, akasema, "Tafadhali." Mpaka leo sijui alikuwa na maana gani.

Daktari mkubwa akaniambia uongo umetokea kinywani mwangu, ukweli nao utokee humo humo, nipite kitanda kwa kitanda. Nikapita. Nikaeleza kozi ni sindano, ukizimaliza zile ulizopangiwa basi, za ziada ni ubadhirifu, na ndizo zile zile za kuwazoesha wadudu. Unafikiri walikubali? Mzee Ndahani akanikatalia mchana kweupe. "Juzi ulisema nikiacha ninakufa, leo unasema nisipoacha ni makosa. Nikuamini wewe yupi? Mimi sitoki bila mtihani."

"Basi mtahini," akasema daktari mkubwa, na ndevu zake zilikuwa zinatikisika.

Nikamtahini pale pale, mbele ya wote. Nikauliza, "Mtu amekuja na mafua, ana kuku mkononi, anataka sindano ya penisilini. Utafanyaje?"

"Namnyima."

"Akilia?"

"Na alie. Mafua hayaui."

"Na kuku?"

Mzee Ndahani akafikiri. "Kuku namchukua," akasema. "Mtu kubeba kuku toka mbali halafu umrudishe naye, hiyo si adabu."

Wakapiga makofi wodi nzima, madaktari wote wawili pamoja nao, na mzee akakunja blanketi la serikali vizuri, akaniaga kwa kichwa, akaenda kufukuza ndege wake. Wengine wakamfuata. Jioni vitanda vilikuwa wazi.

Ukufunzi sikuupata. Nilipewa barua ya kurudi porini, na sina wa kumlaumu. Merina hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alinifungia sanduku, akanifua ile suruali nyeupe, akanisindikiza stesheni akiwa amembeba Dorkasi, akaniambia, "Ukiwa huko, kitu usichokijua uliza, baba Dorkasi. Hakuna atakayekucheka kuliko tulivyokwisha kukucheka." Akabaki na cherehani yake, na akaja kuungana nami mwaka uliofuata, baada ya mimi kumwandikia barua za kunyenyekea ambazo sitawasomea.

Zahanati niliyopangiwa, kumbe, ilikuwa upande wa Bahi. Asubuhi ya kwanza nafungua mlango nakuta umati, akina mama na watoto wao, wanaume na kikohozi, wamesimama mbali, wananong'ona, hakuna anayenisogelea. Mbele yao Mzee Ndahani, amejipaka mafuta, amesimama mlangoni kwangu kama askari, anamwuliza kila mmoja anaumwa nini na kuwarudisha wenye mafua.

Aliponiona akacheka mpaka akashika kifua, kile kile cha kichomi. Halafu akawageukia watu wake.

"Msimwogope," akawaambia. "Huyu namfahamu, tulisoma naye pale Dodoma. Ila yeye alifeli."

Na kwa miaka yote niliyokaa pale, kila daktari aliponiletea agizo lenye neno nisilolijua, nilimwuliza maana yake mara mbili, mbele za watu, bila haya. Maana ningefanya nini kingine? Mzee Ndahani alikuwa amesimama pale mlangoni ananitazama.